Mama Mtori na Sanduku Langu Jekundu

Mwenye bucha pale Ngarenaro, jirani na mashine ya kusaga, ni mimi, Gadiel Sumari. Enzi zangu nilicheza winga ya kushoto, na mabeki wa Moshi wakiuona mguu wangu hadi leo wanapiga ishara ya msalaba. Basi timu yetu ya Temi Rovers ilipopanda daraja, nani mwingine angeilisha? Kila Ijumaa nilipeleka kambini kilo sita za nyama ya paja, bure, na kila Jumamosi vijana wakatoka sare. Sare si kufungwa. Nilisema hivyo wakati ule na bado nasema.

Lakini watu hawaniulizi habari zangu. Wanamuulizia Skolastika. Haya.

Skolastika, mama yake Agnela, ni Mchaga wa Kilema, mjane. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, miaka ile viwanda vinauzwa na watu wanapunguzwa. Alitoka pale na sufuria moja kubwa, nayo ikawa ndiyo kazi yake: mwanamke akijifungua mtaani, anaitwa yeye apike mtori. Anachemsha ndizi mbichi na nyama yenye mifupa, anaziponda mpaka zinalainika, mzazi anakunywa, maziwa yanatoka, nguvu zinarudi. Mpira hajui. Aliwahi kuniuliza yule mwenye filimbi yuko upande gani.

Nyumba yake ilipakana na kambi. Wiki moja kipa wetu, Lomayani, alishikwa na malaria, nyama yangu ikamshinda. Skolastika akampitishia bakuli juu ya ua, masalio ya chungu cha mzazi mmoja. Jumamosi kijana akadaka penalti mbili. Mbili! Jumatatu wachezaji wote kumi na nane wamepanga foleni uani kwake, kila mtu na bakuli lake.

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Wanaume wazima, wanakula chakula cha mzazi! Wakipita buchani nawapigia kelele, "Wazazi, arobaini imeisha?" Wiki hiyo hiyo wakawafunga vigogo wa Dar mbili bila. Nikauliza tena, kwa sauti, "Haya, leo mmejifungua nini?"

"Mapacha, mjomba!" Lomayani akajibu. "Na wote wazima!"

Mtaa mzima ukacheka, na safari hii mimi ndiye niliyechekwa.

Tukachukua ubingwa wa Bara. Mwaka uliofuata tukaingia mashindano ya Afrika, tukawatoa Waganda, tukafika robo fainali na timu ya Zambia: mechi ya kwanza hapa, ya pili kwao, kwa ndege. Mfadhili alikata tiketi, na ikabaki nafasi moja ya mtu aliyeisaidia timu.

Hapo sitanii. Mimi ni mtoto wa Nkoaranga. Tangu nachuma kahawa ya baba nazitazama ndege zikishuka kule KIA, na sijapanda hata moja. Nafasi ile ilikuwa yangu. Nilinunua sanduku jekundu la magurudumu, mali ya Dubai, nikalivuta kutoka soko la Kilombero mpaka nyumbani katikati ya barabara, likiwa tupu, ili kila mtu alione.

Asubuhi ya mechi ya hapa nyumbani, Skolastika akaja. "Baba Mika, habari za asubuhi. Nipimie mifupa yangu."

"Imeisha."

Mifupa ilikuwa inaning'inia nyuma ya mgongo wangu. Akaitazama, akanitazama. "Haya, asante," akasema, akaenda kwa miguu mpaka mtaa wa Unga Limited kuitafuta kwingine. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilitaka vijana wacheze bila mtori wake, wafungwe hata kimoja, wamsahau.

Tukashinda tatu bila.

Jioni kamati ikaamua wachezaji wenyewe wapige kura, nani aende. Nilisimama nje ya kambi na viatu nimevipiga kiwi. Skolastika alipata kura kumi na saba. Mimi nilipata moja, na mpaka leo kila mchezaji anayekuja kununua nyama kwangu anaapa ndiye aliyeipiga.

Siku mbili nzima nilingoja aje mtu kunishika shati kwa ajili ya ile mifupa. Akaja yeye.

"Baba Mika, mimi nina kikapu tu. Nasikia unalo sanduku."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia nini?"

"Ile mifupa, mama Agnela."

"Si ulisema imeisha?" akajibu. "Basi iliisha."

Ningefanya nini? Nilimpa. Na unajua alichopakia? Nguo kidogo, na ndizi mshare za kupikia mtori. Sanduku la Dubai, ndizi! Lilipanda ndege likiwa limejaa ndizi, mimi nimebaki kwenye kaunta na redio. Tulifungwa moja bila, tukapita kwa magoli. Kwenye nusu fainali Waarabu walitutoa, na hiyo siielezi, sijui wao mama yao aliwapikia nini.

Sanduku lilirudi linanuka utomvu wa ndizi, na kile kikaratasi cha ndege kimefungwa mpinini. Sijakitoa. Nimelitundika hapa buchani, juu ya mizani, na wageni huuliza, "Mzee Sumari, kumbe nawe ulipanda ndege?"

"Tulikwenda Zambia," nawajibu. "Robo fainali."

Siku moja nilijibu hivyo, kumbe Skolastika yuko kwenye foleni. Nilimwona nimeshamaliza kusema. Mgeni akamgeukia. "Mama, ni kweli huyu mzee alikwenda?"

"Ni kweli," akasema. "Baba Mika, nipimie kilo mbili. Yenye mifupa."

Nikampimia, nikaongeza mfupa mmoja mkubwa wa goti. Natamani hata mara moja aniite mwongo mbele za watu, nami nipate la kumchukia. Hasemi. Anafunga nyama yake kwenye gazeti, anaaga vizuri, anaondoka.