Posa Mbili, Jumamosi Moja

Naweka dau. Kilo mbili za mishkaki, nachoma mwenyewe, na mimi nikichoma mishkaki majirani wanatoka nje kuuliza kuna sherehe gani. Dau langu ni kwamba hakuna atakayeamini hiki ninachosimulia. Ukiamini, njoo Grand Prairie uulizie Majaliwa, huna haja ya anwani. Harusi za Waswahili hapa kati ya Dallas na Fort Worth maiki nashika mimi, na nyingi hata posa yake niliipeleka mimi. Mshenga mwingine kama mimi hajazaliwa, na mama yake hajazaliwa. Shule niliacha darasa la sita. Niliwaona walimu wanavyopata tabu na mimi, nikawahurumia.

Lakini leo sijisifu. Leo ni habari za Elirehema.

Eli ni Mpare wa Usangi. Alikuja kusoma Arlington, akamaliza unesi, sasa yuko kwenye nyumba ya kulea wazee huko Mansfield. Mrefu kama mlingoti wa bendera, na ana sauti ya besi ambayo kwaya ikiikosa Jumapili inaimba kama redio iliyoisha betri. Wapare tunawatania kwamba wanapenda kesi, kwamba Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Huyu hajawahi kushtaki hata mbu. Mwaka ule mzigo uliponiangukia mguu kazini, mimi dereva bora wa forklifti Texas nzima, Eli alikuwa anatoka shifti anakuja kwangu kunisafisha kidonda. Anasafisha, anafunga, ananipikia uji, anaondoka. Wale wazee wa Mansfield wakikaribia kukata roho wanamtaka yeye awashike mkono, watoto wao wenyewe wamesimama pale pembeni.

Mtu wa namna hiyo kila mama alimtaka awe mkwe. Mimi mwenyewe nilimtumia picha za mabinti mpaka nikahisi simu yake inazidi uzito. Alikuwa anazitazama, anasema, "Mzuri huyu, Mungu amtunze," halafu ananimiminia chai.

Siku moja chai imeshamiminwa, akaniambia, "Kaka Maja, mwenzangu ninaye. Anaitwa Gichuki, anakaa Houston. Nakuomba usicheke."

Mimi ni mtu ambaye nimewahi kucheka msibani nikatolewa nje. Siku hiyo sikucheka. Nilimtazama, nikaona anamimina chai tena kwenye kikombe kilichojaa, mtu anayedunga watu sindano bila wasiwasi. Nikasema kile kilichokuwa karibu. "Mkikuyu? Eli, yaani katika watu wote, Mkikuyu?"

Alicheka mpaka akalia. Au alilia mpaka akacheka, sijui, vilikuja pamoja.

Sasa kuna Shangazi Kudra. Huyu ni dada wa marehemu baba yake Eli, na ndiye mzee pekee wa ukoo wao aliyeko Marekani. Anakaa hapahapa Grand Prairie, mtaa wa pili kutoka kwangu. Shangazi ni Mwislamu na Eli ni Mlutheri, na hilo kwao si jambo, Usangi nyumba moja inakula Idi na inakula Krismasi. Eli alipofika na kikoti cha Moshi kwenye baridi ya Januari, Shangazi ndiye aliyemnunulia jaketi na kumpa chumba. Eli alipomwambia habari za Gichuki, Shangazi hakugomba. Alichukua sahani ya Eli iliyokuwa bado na chakula, akaiosha, akaingia chumbani kwake. Tangu hapo akawa hapokei simu yake. Eli akawa anapita na dawa za presha za Shangazi, anaziacha mlangoni, anaondoka. Akishapinda kona, mlango unafunguliwa, mkono unatoka, mfuko unaingia. Mimi nimeuona huo mkono.

Wangeweza kuoana bila yeye. Mahakama Kuu kule Washington ilishasema tangu mwaka elfu mbili na kumi na tano kwamba wanaume wawili au wanawake wawili wakitaka kuoana wataoana, jimbo lolote, Texas ikiwemo. Halafu bunge likaongeza sheria yake mwaka ishirini na mbili. Kwa hiyo karatasi ilikuwepo inawangoja. Eli ndiye aliyekuwa anangoja. Alikuwa anamngoja Shangazi.

Kisha ikaja mwaka jana, miezi ya baridi inaanza. Zikaenea habari kwamba kuna ombi liko mbele ya majaji wa Washington, waiangalie upya ile hukumu yao. Na hapa Texas ikaandikwa kwamba jaji ambaye imani yake haimruhusu kufungisha ndoa hizo anaweza kukataa. Kazini kwao Eli watu wakawa wanabishana wakati wa kula, huyu anasema itafutwa, yule anasema haifutiki, na yeye ameinamia wali wake. Usingizi ukamtoka. Akaja kwangu amekonda.

"Wakiufunga huo mlango, nitakuwa na nini mkononi?" akaniuliza. "Lakini sitaki kuingia ndoa kama mwizi, Kaka Maja. Nataka posa. Mtu aende kwao Gichuki aseme, natoka kwa watu fulani."

Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Akauliza, na Shangazi je? Nikamwambia asahau. Yule mama namjua. Kwa jambo hili, nikamwambia, hata malaika Jibrili akibisha hodi Shangazi Kudra hafungui mlango. Nitakwenda mimi kwa jina la ukoo, na hakuna atakayejua tofauti.

Basi Jumamosi nikavaa suti yangu ya bluu, ile ambayo watu wananidhania mimi ndiye bwana harusi, nikapakia vitenge, sukari na boksi la maembe, nika-drive mpaka Houston. Dada yake Gichuki, Wacuka, ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Anakaa Sharpstown na mume wake, Mzee Shem, kwenye apatimenti za ngazi za nje ambazo kila mlango una harufu ya nchi yake. Nikapanda, nikabisha, nikaweka sauti yangu ya harusini.

Akafungua mama mmoja mfupi, ana unga wa chapati mpaka kwenye viwiko. Nikaanza maneno yangu, kwamba mimi ni mjumbe, nimetoka kwa wazee wa Grand Prairie, tumeona ua zuri katika nyumba hii. Hakuniacha nifike kwenye ua lenyewe.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kwani wewe ni wa kwa kina Eli? Na wetu si wameenda kwenu?"

Nikamuuliza wa kwao nani, wameenda wapi.

"Shem na wazee wawili. Wametoka asubuhi na soda na blanketi na mbuzi ameshachinjwa, yuko kwenye kuliboksi la barafu. Wameenda kwa huyo shangazi yenu. Sisi ndio tuko na kijana, si sisi ndio tunaenda kuposa?"

Hapo nikaelewa. Kwetu, upande wa mwanaume ndio unaotuma watu. Kwa Wakikuyu pia. Sasa huku kuna mwanaume na kule kuna mwanaume. Kila upande ukajiona wenyewe ndio waoaji, ukafunga safari. Na mila inasema posa ni kazi ya wazee, wenye mapenzi wanakaa mbali, hawaulizani wala hawaambiani. Basi hawakuambiana. Tulipishana barabarani, mimi na mbuzi wao.

Wacuka akaanza kucheka. Mimi sikuweza, kwa sababu nilijua asilolijua yeye. Eli kwa aibu alikuwa amemwambia Gichuki kwamba Shangazi anaanza kuzoea. Wale wazee walikuwa wanakwenda kusema habari ya ndoa ya wanaume wawili kwenye mlango wa mwanamke ambaye hapokei hata simu. Akiwafukuza, amewatukana wazee wa watu waliosafiri kwa heshima, na Wacuka hatasahau, na Eli hana tena kwao wala kwa wakwe. Nikamwomba ampigie mumewe. Nikakaa kwenye kochi na jasho la suti.

Mzee Shem akapokea kwa video. Nyuma yake nikaliona pazia la Shangazi, lile la maua mekundu. Nikaona sahani. Pilau.

Baadaye Shem alinihadithia ilivyokuwa. Walibisha, Shangazi akatokea na mtandio wake, akauliza wanamtafuta nani. Shem si msemaji kama mimi, hakuna msemaji kama mimi, alisema tu kwamba nyumbani kwao kuna kijana ambaye kila siku anamtaja kijana wa nyumba hii kwa wema wake, na wao wakaona haifai kumchukua mtoto wa watu bila kuja kuwasalimia wazee wake. Shangazi akalitazama kuliboksi, akalitazama blanketi. Halafu akawaambia wavue viatu.

Sasa simu ikahama mkono, na uso wa Shangazi ukaja, umejaa kioo kizima.

"Majaliwa. Nani amekutuma?"

Nikaanza na shikamoo. Akaikata.

"Umeenda kuposa kwa jina la kaka yangu, na mimi nipo hai mtaa wa pili?"

Nikasema, "Shangazi, niliogopa."

"Uliogopa nini? Mlango?"

Wacuka, huku upande wetu, akaingilia, akasema kwa heshima lakini kwa kiburi kidogo cha Kikuyu, kwamba mama, kwa hali ilivyo ni wao ndio wanaoa. Nikasema hapana, tunaoa sisi. Shangazi akatunyamazisha wote. Akasema posa yangu haina aliyeituma, kwa hiyo si posa, ni matembezi. Iliyosimama ni ya Mzee Shem. Kisha akamgeukia Shem, nasi tunasikia.

"Mzee, sijasema nimekubali. Jambo hili silielewi, na Mungu nitamuuliza mwenyewe. Lakini mmekuja kwa adabu, nami nitawajibu kwa adabu. Mtoto wa kaka yangu ni nesi, amewafunga macho wazazi wa watu wengi hapa. Huyo hatolewi kwa blanketi moja. Na kijana wenu mwenyewe nimuone, si mbuzi wake."

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nikarudi nyumbani usukani mikononi na chapati za Wacuka pembeni. Vitenge alibaki navyo, akasema zawadi hairudi. Hata mimi ningesema hivyo.

Jumatatu iliyofuata Eli akanipigia katikati ya shifti, sauti ya chini, alikuwa anamlisha mzee mmoja uji. "Wamekataa kuisikiliza," akasema. Wale majaji wa Washington, lile ombi wamelikataa, bila maelezo. Hukumu ya zamani inabaki pale ilipo. Nikamwambia yeye ni Mpare wa kwanza duniani kushinda kesi bila kuuza ng'ombe. Akacheka, nikasikia na yule mzee wa uji anacheka, sijui alikuwa anacheka nini.

Nikamwambia basi twende wiki hii hii wachukue leseni, tusubiri zile siku tatu za Texas, jaji wa kuwafungisha nitamtafuta mimi mwenyewe, wapo wengi wasio na neno. Akasema hapana.

"Nilikuwa nakimbia kwa sababu mlango ulikuwa unafungwa. Haufungwi tena. Sasa naweza kumsubiri."

Nilimwona mjinga. Mtu amepewa ruhusa na mahakama ya taifa zima, anasubiri ruhusa ya mama mmoja wa Grand Prairie. Lakini Eli ni mtu wa kukaa na wanaokufa, anajua kusubiri kuliko sisi.

Akaendelea kupeleka dawa. Anaacha, anaondoka. Gichuki akaja kutoka Houston, kijana mnene, mpole, ana miwani, na Eli akampitisha kwa Shangazi wakiwa na mfuko wa dawa na mfuko wa machungwa. Mimi nilikuwa kwenye gari, nimepaki ng'ambo, najifanya natafuta redio. Waliweka mifuko chini. Wakageuka. Walikuwa bado hawajafika kwenye ngazi.

Mlango ukafunguliwa wote, si mkono peke yake. Shangazi akamtazama Gichuki toka viatu mpaka miwani. Hakumsalimia Eli. Akamuuliza Eli kana kwamba walikuwa wameacha mazungumzo jana yake, "Na huyu, anakula pilau?"

Gichuki ndiye aliyesema, "Nakula, Shangazi."

"Basi vueni viatu."

Walioana mwezi wa tatu, kwa jaji mwanamke aliyefurahi kuliko wageni. Wacuka alivaa vitenge vyangu. Shangazi alikaa kiti cha mbele upande wa Eli, na lile blanketi la posa magotini, maana alilodai lilitimia, la pili lilikuja na la tatu likaja. Bado anasema jambo lenyewe halielewi, na swala zake zimekuwa ndefu, lakini ilipoulizwa nani ni mzee wa Elirehema alisimama kabla jaji hajamaliza kuuliza. Maiki nilishika mimi. Shangazi aliniambia niseme kidogo, nikasema kidogo.

Nilisema Shangazi Kudra hatafungua mlango. Nilikosea.