Riba Tuliyoifunga Kabla ya Mavuno

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiisimulia situlii kitini. Nilitoka nyumbani Nzuguni chai ikiwa bado ya moto, nikaenda benki mjini, nikarudi, kisha nikatoka tena kwenda shambani, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

Wakati huo nilikuwa kijana, mweka hazina wa chama cha wakulima wa zabibu kule Mkonze. Chama kilikuwa na amana benki, na riba yake ndiyo iliyolipia umeme wa pampu ya kisima. Kiangazi cha Dodoma unakijua. Pampu ikizima, mizabibu inakauka huku unaiangalia. Amana ilikuwa inaiva, yaani muda wake unakwisha, baada ya mavuno, nasi tulitaka kuiweka tena, ila tulihofia riba itakuwa imeshuka. Tahadhari kabla ya hatari, tukaambiana, tukafunga na benki mkataba wa riba ya mbele. Katika mkataba huo mnakubaliana leo kiwango cha riba cha siku ijayo. Siku hiyo ikifika, riba ya soko ikiwa chini ya mliyokubaliana, benki inawalipa tofauti. Ikiwa juu, mnailipa ninyi.

Riba ikapanda.

Ikapanda tena mwezi uliofuata, na usingizi ukaniruka. Yohana, mwanachama mwenye shamba kubwa kuliko sote, akawa ananipigia simu kila kukicha kuniuliza chama nimekiuza kwa bei gani. Nikapiga hesabu ya thamani ya mkataba. Nilichukua tofauti ya riba mbili zile, nikaizidisha kwa amana na kwa muda wake, kisha nikapunguza kidogo, maana shilingi utakayolipa mwakani si sawa na shilingi iliyo mfukoni leo. Jibu likawa hasara. Benki wakasema tukitaka kujitoa, tulipe thamani hiyo. Asubuhi ile nikaamua: tulipe, tutoke, tuikimbilie riba inayopanda.

Benki wakanirudisha, kwani sahihi ya mwenyekiti wa chama ilihitajika. Huyo alikuwa Mama Hadija, mzaliwa wa Kondoa, mwalimu wa hesabu aliyestaafu akaingia kwenye zabibu. Nilimkuta shambani akipogoa. Nikamwamkia shikamoo huku nimeshamnyooshea karatasi ya kuvunja mkataba, yenye hesabu yangu. Akaisoma yote, akarudi juu akaisoma tena, nami nikibadilisha mguu wa kusimamia.

"Hesabu yako ni sahihi, baba," akasema. "Lakini umepima nusu. Amana iko wapi humu?"

Nikamjibu kwamba amana ipo salama, haikuguswa.

"Basi nayo ipime. Riba ikipanda, mkataba unatula na amana inatulisha. Ukiuvunja leo, riba ikishuka kesho, umeme tutalipa na nini? Tulifunga ili tujue tutapata nini. Hatukufunga ili tushinde."

Akanirudishia karatasi bila sahihi. Sikuridhika, mwanangu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini ni nani mwenye pupa anayejijua? Nilikaa miezi iliyobaki sikio likiwa redioni, nikisubiri habari za riba kama anayesubiri majibu ya daktari.

Siku ikafika, riba iko juu. Tukalipa tofauti. Yohana akajitoa chamani, na sitakudanganya kwamba alirudi. Amana tukaiweka tena kwa riba ile ya juu, na ilipoiva, baada ya kutoa tulicholipa, tukabaki karibu na kilekile tulichokipanga. Umeme ukalipwa. Pampu haikuzima kiangazi kizima, na maji yalifika hata kwa Yohana, kwani Mama Hadija alikataa katakata kumfungia.

Basi wewe unayeanza kushika fedha za watu, nisikilize. Kinga usiipime peke yake. Ipime pamoja na kile inachokilinda. Kabla hujafunga mkataba, jua unaogopa nini. Hofu hiyo ikiwa bado ina sababu, usiuvunje kwa kuwa jirani anapata zaidi. Na siku moyo unapokimbia, usiamue peke yako. Mtafute asiye na haraka, hata kama atakuudhi.

Mungu akujalie riziki isiyokukosesha usingizi, akuzungushie watu wa kukuambia hapana kwa upendo, na wanaokutegemea wasije wakakosa kwa sababu yako. Amina.