Kinyozi Alipohama

Mume wangu amechorea shirika la umeme ramani kwa penseli miaka ishirini na nane. Kazini wanamwita Bwana Rula. Kebo ikifukiwa, huandika ilipo kwa kupima kutoka kitu kinachoonekana: mita tatu kutoka mlango wa kinyozi, mita saba kutoka geti la shule. Hakuna anayezijua ramani hizo kama yeye, na alikuwa akijivunia hilo.

Mwaka jana meneja akataka ramani zote ziingie kwenye kompyuta, akamwagiza yeye, mtu mzima, apime faida na gharama. Yaani ajiandikie mwenyewe barua ya kuachishwa kazi. Upande wa gharama ukajaa siku hiyo hiyo: mashine, leseni, mafunzo. Upande wa faida ukakaa mweupe wiki nzima. Alikuwa anaogopa, nami niliogopa naye, maana bado miaka minne astaafu.

Kisha mafundi wakatumwa kuchimba mtaro kwa kufuata ramani yake. Alipopita kuwasalimia, akaona kinyozi amehamia ng'ambo ya barabara. Mafundi walikuwa wamepima kutoka mlango mpya, wakaamini kebo iko huko, na sasa walikuwa wakichimba upande wa zamani bila wasiwasi, juu ya kebo yenyewe. Aliwasimamisha sururu zikiwa zimebakiza shubiri moja.

Alirudi nyumbani, chai ikampoa mkononi.

"Mama watoto, leo ningeua mtu kwa penseli."

Nikamwambia aliyehama ni kinyozi, si yeye. Akajibu kwamba hilo ndilo tatizo, ramani yake haikuwa na habari.

Asubuhi akajaza upande wa faida. Halafu akaongeza gharama ambayo wauzaji wa mfumo hawakuitaja: lazima mtu atembee kwa miguu, nguzo kwa nguzo, kebo kwa kebo, apime upya, la sivyo kompyuta itahifadhi makosa yale yale. Meneja akauliza nani anaijua mitaa kiasi hicho. Ofisi nzima ikamgeukia Bwana Rula.

Sasa ni miezi minane anazunguka na kifaa kinachosoma mahali kutoka angani. Tumbo limepungua, analala fofofo. Nina lalamiko moja tu: amekwishamaliza pea mbili za viatu, na viatu hakuviandika kwenye gharama.

Juzi alikwenda kunyolewa. Alipoinuka kitini akamwambia kinyozi, "Sasa hama utakavyo."