Neno Nililomficha Mama Maana Yake

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya hamsini, mwanangu. Nilikuwa msichana, najifunza uuguzi katika hospitali ya misheni, Iringa mjini. Sista mkuu wetu, Mzungu, alikuwa na neno moja la Kiingereza kwa kila kero: nyusensi. Nzi wodini, nyusensi. Mlango unaojigonga kwa upepo, nyusensi. Nami nikalipenda, kulitamka tu nilijiona nimesoma.

Mama alikuwa akija kunitazama kila Jumamosi, kwa miguu kutoka Kilolo. Alikuwa akilala kwa ndugu zetu Ipogolo, chini ya mji, na asubuhi akipanda mlima na kikapu cha viazi. Siku moja alinikuta na wenzangu, miguu yake vumbi tupu, nikaona haya. Nikawaambia, "Huyu ni nyusensi wangu." Wakacheka. Mama akaniuliza maana yake. Nikamjibu ni mgeni wa heshima. Akatabasamu, akalirudia polepole lisimtoke.

Basi Jumamosi hiyo akaingia wodini, akampa Sista mkono, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene. Mimi ndiye nyusensi wa binti yangu Foibe."

Sista akapauka. Nilikuwa nimeshika beseni. Sikumbuki lilivyoanguka, nakumbuka maji yakinilowesha miguu. Sista akauliza ni nani aliyemfundisha mama yangu kujitukana. Nilipokiri, akaniamuru nimweleze mama ukweli palepale, kwa Kihehe.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akafunga khanga yake upya, akasema, "Viazi vingine vimekatwa na jembe, vipike leo." Akaondoka.

Jumamosi mbili hakuja. Ya tatu nikaomba ruhusa, nikaitembea njia yake. Nilifika Kilolo malengelenge yamepasuka, nikapiga magoti mlangoni. Aliniacha hapo kitambo, kisha akaleta maji ya moto, akaninawisha miguu.

"Neno halikuniuma," akasema. "Kilichoniuma ni kwamba nililifurahia. Niliwaambia hata kina mama wenzangu kanisani."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilijikwaa ulimi kwanza, miguu ikalipa baadaye. Basi nakuusia: lugha asiyoijua mzazi wako usiifanye kichaka cha kumtukania. Akikuuliza maana ya neno, mpe ya kweli. Na aliyetembea kukufuata, mpokee mbele za watu, na vumbi lake.

Nenda, Mungu akulainishie ulimi, na watoto wako wakupokee vizuri kuliko nilivyompokea mama yangu.