Mtani Kaninyang'anya Hotipoti Korogwe

Ninyi wasomi wa kompyuta, kwani salamu inakula bando?

Leo nimetoka Handeni kumpelekea mjukuu wangu Mwanahamisi makande. Ndiyo kwanza kaanza uhandisi wa kompyuta, na Korogwe kuna mkutano wa wenzake.

Namkuta nje ya ukumbi, kakaa kwenye ngazi peke yake.

"Bibi, twende nyumbani. Simjui mtu humo."

"Umemwamkia nani?"

Kumbe alikuwa anangoja aamkiwe yeye! Anayeingia ndiye anayepiga hodi. Sikumlea hivyo.

Nikamsema kwa sauti, kwa Kizigua. Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akasimama.

"Shikamoo bibi. Nyie Wazigua?"

"Marahaba. Ndiyo. Na wewe?"

"Mnyamwezi."

Basi, mtani wetu huyo, na mtani hakatazwi kitu.

"Ndiyo maana mmeachwa nje," akasema. "Mzigua akiingia humu atamaliza chai yote."

Akanyakua hotipoti yangu ya makande, akaingia nayo!

Mwanahamisi akaruka. "Wewe! Rudisha chakula cha bibi yangu!" Akamfuata mpaka ndani.

Nimengoja weee. Nikachungulia mlangoni.

Meza nzima wanachota makande, na mjukuu wangu kafungua kompyuta yake, anawaonyesha kazi, anabishana kama yuko kisimani. Aliyetaka kwenda nyumbani hata hakuniona.

Nimerudi mikono mitupu. Sijanuna.

Mwanahamisi, kesho unarudi mkutanoni, na kila utakayemkuta umwamkie wewe kwanza. Na huyo Mnyamwezi mwambie hotipoti ailete mwenyewe Handeni, imeoshwa.