Daraja la Asilimia Tisa

Chuo cha uhandisi pale Kasongo kinataka kila mwanafunzi aje na kompyuta yake, eti bila hiyo hakuna mhandisi. Msichana anayekaa nyuma ya Joël hana. Joël amezoea kusikia vidole vya msichana huyo vikigonga daftari polepole, kana kwamba karatasi ina vitufe. Macho yake huwa mbali, kijijini kwao Wamaza, kwenye kijito anachokivuka kila likizo, maji kiunoni, viatu mkononi.

Siku ya mwisho ya kutuma michoro ya madaraja, asistanti, msaidizi wa mwalimu, alisema, “Asiye na mashine, sifuri.” Joël, ambaye hakuwa ametuma mchoro wake bado, akamsogezea msichana kompyuta yake. “Kamata, dada. Lakini iko na chaji asilimia tisa tu.” Msichana hakuharakisha. Aliimba kwa pua, akafungua daftari ambamo kila kipimo kilikuwa tayari, na daraja likajitandaza taratibu juu ya kioo, ng'ambo hadi ng'ambo. Akalituma. Vidole vikaendelea kugonga mpaka kioo kikazimika.

“Ulikuwa unafanya nini tena?” Joël akauliza.

“Daraja lako, kaka. Lilikuwa linaanguka. Nimeliongezea nguzo mbili, nikalituma.”