Sahani ya Doto kwenye Shikome

Daktari wa hospitali kubwa kule Mwanza alimwambia Ng'washi mambo mawili kuhusu mwanawe Doto bila kumeza mate katikati: mtoto huyu akingwe na moshi, vumbi na kila anayekohoa, na mtoto huyu aachwe aishi kama watoto wenzake. Kisha akaita mgonjwa mwingine. Namna ya kuyakalisha mambo hayo mawili chini ya bati moja alimwachia Ng'washi, ambaye bati lake lipo Kasansa, jirani na zizi, mahali ambapo mwezi wa nane hata mbingu ina rangi ya vumbi.

Ugonjwa wenyewe mtu huzaliwa nao. Ute wa mapafuni unakuwa mzito kama gundi, vijidudu vinanasa humo na kutoka vinakataa. Haumwambukizi mtu. Una jina refu la Kizungu, sistiki faibrosisi, ambalo Ng'washi alilikariri njia nzima ya kurudi ili amwambie mumewe, Ngusa. Ngusa aliuliza kama lina dawa. Alipoambiwa zipo za kutuliza, za kumaliza hakuna, jina hakulitaka tena. Kulwa, pacha wa Doto, alikufa angali ananyonya. Wakati ule waliambiwa ni nimonia, wakaridhika, kwa kuwa nimonia walikuwa wanaifahamu.

Ng'washi akaanza kukinga. Doto akapewa sahani yake, kikombe chake, ndoo yake ya maji ya kuchemsha. Asubuhi na jioni alilazwa kifudifudi akagongwagongwa mgongoni mpaka ute ulegee. Mwenye mafua haingii ndani. Wifi mmoja alisalimia kutokea uani mpaka akachoka kusalimia. Na kweli mtoto akashika mwili kidogo, akafika miaka kumi.

Shida ni kwamba Kasansa ilikuwa imefundishwa vizuri. Pudensiana, mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa Kipimbwe mwenye sauti ya kwaya, alikuwa amepita kaya kwa kaya akieleza kifua kikuu. Watu walimsikiliza kwa makini. Walipomaliza kumsikiliza wakamtazama mtoto anayekohoa tangu kuzaliwa, mwenye kikombe cha peke yake, wakajumlisha wenyewe. Watoto wao wakaanza kukaa mbali na Doto. Ng'washi aliona ule umbali, akadhani ni uelewa. Aliwashukuru, hata.

Siku moja Doto akamuuliza, "Mama, kwani mimi mwanamke?"

"Nani kakwambia?"

"Si nakula jikoni na nyie."

Wanaume wa kaya, wakubwa kwa wadogo, walikula nje kwenye shikome, moto wa mavi makavu ya ng'ombe unaowashwa mbele ya zizi jua likianza kuzama. Hapo ndipo hupangwa nani achunge wapi, na hapo mvulana hutaniwa mpaka anakuwa mtu. Moshi wake unatosha kumtoa machozi mzima.

"Mtoto wa kiume asiyekula shikome hajulikani ni wa kaya gani," Ngusa alisema. "Hata ndama anajulikana."

Ng'washi akamwendea Kija, kaka mkubwa wa Ngusa, mwenye mji. "Shemeji, naomba Doto akae upande upepo unakotokea, moshi usimfuate. Na sahani yake atakuja nayo."

"Hiyo ya sahani hata usingenifundisha," Kija alijibu. Ng'washi akaona ni ukarimu.

Jioni hiyo Doto alivaa shati la Krismasi. "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba." Akakaa, sahani mapajani. Vijana wakaanza kunyanyuka, kwa adabu kabisa: mmoja kakumbuka ndama, mwingine kaitwa na mtu asiyeonekana, wa tatu kaondoka na bakuli la ugali. Wote walikutana ng'ambo ya zizi, Kija akiwa wa mwisho kuwafuata. Ngusa alisimama, akakaa, akasimama. Kaka yake alipomwita, akaenda.

Ng'washi akawavaa. "Shemeji, mnamkimbia mtoto?"

"Tunafuata masharti yako. Si ulisema kuna vijidudu?"

"Vyenu! Nyie ndio mtamuua, sio yeye awaue nyie!"

Kija akacheka kwa huruma. "Sisi? Mbona sisi tuko wazima?"

Ng'washi akarudi motoni, akaketi kando ya mwanawe, akamega ugali kwenye ile sahani ambayo kwa miaka hakuna mkono mwingine ulioigusa. Doto akaacha kutafuna.

"Mama, ondoka."

"Nakula na wewe."

"Huku wanawake hawali. Na wale wanatuangalia."

Ng'washi akanyanyuka. Doto akampa mgongo, akakata tonge, akalila polepole kama wanavyokula watu wazima, akikohoa, moto wote ukiwa wake.

"Sasa huyo ndiye mwanaume!" Kija akapaza sauti kutoka ng'ambo ya zizi, bila kunyanyuka alipokaa.